Pasipoti Moja, Mistari Miwili

Ndugu vijana wa parokia zetu za Kisangani,

Wengi wenu mna kaka, shangazi au binamu anayeishi Brussels, Paris, Montréal au Johannesburg, na baadhi yao wamekwisha kupata uraia wa huko. Siku ya kupokea pasipoti mpya huwa sikukuu. Picha hutumwa, Misa ya shukrani huombwa, na hapa nyumbani watu husema: sasa yeye ni Mbelgiji, milango yote imemfungukia. Tungependa kulipima neno hilo la milango, maana katika viwanja vya ndege mambo hayaendi hivyo. Na linalotuuma zaidi ni kwamba mlango unaomfungia huyo ndugu yetu kwa ukali ni mlango wa kwetu wenyewe.

Tuanze na kitabu chenyewe. Chini kabisa ya ukurasa wenye picha kuna mistari miwili ya herufi na tarakimu iliyowekwa isomwe na mashine. Mistari hiyo hufuata kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, lile lililoundwa kwa Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944. Hutaja jina, namba ya pasipoti, tarehe ya kuzaliwa, jinsia, siku ya mwisho ya matumizi, na uraia kwa herufi tatu: BEL kwa Mbelgiji, CAN kwa Mkanada, COD kwetu sisi. Mahali pa kuzaliwa hapamo. Mashine haijui kama Mbelgiji huyo alizaliwa Liège au Lubunga. Lakini juu ya mistari hiyo, katika sehemu isomwayo kwa macho, nchi nyingi huandika mahali pa kuzaliwa, ingawa kanuni zile hazilazimishi. Uswisi huandika mji wa asili ya ukoo. Kanada humruhusu raia wake kuomba mahali pa kuzaliwa pasiandikwe. Basi mashine humwona raia mmoja tu, na mtu aliyeketi nyuma ya kioo huona raia wa aina mbili.

Kabla hajafika hata kwenye kioo hicho, msafiri hupimwa na mfanyakazi wa shirika la ndege anayepokea mizigo. Vijana wengi hawajui kwamba mfanyakazi huyo ana woga wake. Shirika likimbeba mtu asiye na karatasi zinazotakiwa, hutozwa faini na nchi anakofikia, na hulazimika kumrudisha. Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2001 linaziachia nchi wanachama kuchagua namna ya kutoza, na mojawapo ni faini isiyopungua euro 3,000 kwa kila msafiri. Kwa hiyo huyo kijana wa mezani, ambaye hakuapishwa na serikali yoyote wala hakusomea sheria, ndiye anayeamua kwanza kama pasipoti ya mtu mweusi ni ya kweli. Anaigeuza, anaipapasa, anamwita mkuu wake. Mwenye jina la Kiflamani amekwisha kupita na kwenda kunywa kahawa. Wa kwetu amesimama pembeni na mizigo yake, na watu wote wanamtazama.

Mtu mwenye sifa kubwa naye haponi. Mkimbiaji Mo Farah, aliyezaliwa katika nchi ya Wasomali na kukulia Uingereza, aliipatia nchi hiyo medali nne za dhahabu za Olimpiki, mbili London mwaka 2012 na mbili Rio de Janeiro mwaka 2016. Mwanzoni mwa Januari 2017 alikuwa amekwisha kutajwa kati ya watu ambao Malkia amewapa heshima ya kuitwa Sir. Tarehe 27 ya mwezi uleule Rais wa Marekani akatia sahihi amri ya kuwazuia wenyeji wa nchi saba, Somalia ikiwamo. Farah alikuwa mazoezini Ethiopia, na watoto wake walikuwa Oregon, huko huko Marekani. Kwa siku mbili hivi hakuwa na hakika kama pasipoti yake ya Uingereza ingetosha kumrudisha kwao, mpaka serikali ya Uingereza ilipotangaza kwamba raia wake wa namna hiyo hawakuguswa. Ikiwa yeye alitiwa hofu hiyo, mama anayesafisha ofisi za Brussels usiku, na ambaye hakuna waziri atakayempigia simu, atafanyaje?

Ukanda wetu wa Afrika una historia yake katika jambo hili, nayo ni chungu kuliko hiyo. Baada ya uhuru wa Kenya mwaka 1963, maelfu ya watu wenye asili ya Kihindi walibaki na pasipoti za Uingereza. Hawa hawakuwa wameomba uraia huo kwa hati. Waliupata kwa kuwa walizaliwa au waliishi chini ya bendera ya Waingereza. Kenya ilipoanza kudai vibali vya kazi, wakafunga mizigo kwenda katika nchi iliyoandikwa kwenye vitabu vyao. Ndipo Bunge la London likapitisha, kwa siku chache tu, sheria ya tarehe 1 Machi 1968: mwenye pasipoti ya Uingereza angeingia bila kizuizi ikiwa yeye, mzazi wake au babu yake alizaliwa au alipewa uraia katika visiwa vile. Mwenye shamba Mzungu wa Nakuru alikuwa na babu huyo. Fundi cherehani wa Nairobi hakuwa naye. Watu wakapanda ndege Nairobi, wakakataliwa London, wakarudishwa, wakapelekwa uwanja mwingine wa Ulaya, wakakataliwa tena, wakarushwa huku na huko kama mpira. Mwaka 1973 Kamisheni ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilisema kwamba kumtenga mtu hadharani kwa sababu ya rangi yake kunaweza kuwa kumdhalilisha, na kwamba ndivyo walivyotendewa watu hao. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Idi Amin alipowapa Waasia wa Uganda siku 90 za kuondoka, wengi waliodai kuwa raia wa Uganda walikuta karatasi zao zinakataliwa mezani. Wakawa si wa huku wala wa huko.

Mtasema kwamba hayo ni ya enzi za wakoloni na madikteta. Basi tazameni Nairobi mwaka 2018. Mwanasheria Miguna Miguna alizaliwa Kenya, akakimbilia Kanada wakati wa utawala wa Moi, akapewa uraia wa huko, akarudi nyumbani. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inasema kwamba raia wa kuzaliwa hapotezi uraia wake kwa kupata uraia wa nchi nyingine. Februari 2018, baada ya kushiriki katika kiapo cha Raila Odinga pale Uhuru Park, alikamatwa na kupakiwa katika ndege ya kwenda ng'ambo. Serikali ikasema ni mgeni, kwa kuwa alipata uraia wa Kanada kabla ya Katiba mpya. Mahakama ikaamuru aruhusiwe kurudi. Mwezi Machi akashuka katika uwanja wa Jomo Kenyatta, akatakiwa aombe viza ya kuingia katika nchi aliyozaliwa. Akakataa, akazuiliwa humo uwanjani siku kadhaa, akapelekwa Dubai kwa nguvu. Desemba mwaka uleule Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba haki zake zilivunjwa na kwamba angali Mkenya. Hata hivyo, mwaka 2020 mashirika ya ndege ya Ulaya yalikataa kumbeba kwa sababu yalikuwa yameonywa na Nairobi. Alirudi Oktoba 2022, baada ya serikali kubadilika. Hatuandiki haya ili kumsifu, maana ulimi wake ni mkali na wapo aliowaumiza. Tunayaandika ili muone kwamba hukumu ya jaji, nzuri na yenye mhuri, ilishindwa kumpitisha katika mlango ambao askari mmoja alikuwa ameambiwa aufunge.

Na sasa kwetu. Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 10, inasema kwamba uraia wa Kongo ni mmoja na hauchangamani na mwingine wowote. Sheria ya uraia ya tarehe 12 Novemba 2004 ilikuwa imekwisha kusema hivyo: Mkongo anayepata uraia wa kigeni anapoteza wa Kongo, papo hapo. Ubelgiji haumdai mtu auache uraia wa kwao. Ni sisi tunaomwacha yeye. Wengi wa jirani zetu wamelegeza fundo hilo. Burundi ilifanya hivyo mwaka 2000, Rwanda mwaka 2003, Uganda kwa sheria ya 2009, Kenya mwaka 2010, Zambia mwaka 2016. Tanzania bado imekaza kama sisi.

Matokeo yake mnayafahamu kutoka katika mashirika yenu. Binti wa Mangobo, aliyebatizwa hapa, akapata Kipaimara hapa, anaishi Charleroi na kuwalipia wadogo zake wawili karo ya chuo kikuu. Mama yake anafariki siku ya Jumanne. Kwa mila zetu na kwa joto letu mazishi hayangoji. Yeye, mwenye pasipoti ya Ubelgiji, hana budi kwenda ambasade ya Kongo, kujaza fomu ya wageni, kuonyesha barua ya kukaribishwa, kulipa viza, na kungoja. Barua ya kukaribishwa! Nani amkaribishe, na aliyemzaa ndiye maiti? Akifika Kinshasa anapanga mstari wa wageni pamoja na wahandisi wa migodi, na kabla ya kupata ndege ya Bangoka kilio kimekwisha kuondolewa. Wengine, ili kuepuka hayo, huficha kitabu kimoja na kuonyesha kingine, ule ujanja wa pasipoti mbili unaojulikana na kila mtu. Sheria inayowafundisha watu wema kuficha ni sheria mbovu. Isitoshe, mtu anayeficha kitu ni windo rahisi: mtumishi wa mpakani akishtukia kitabu cha pili, wimbo wa *madesu ya bana* huanza.

Tena sheria hiyo haikati sawasawa. Mwaka 2007 Bunge la Taifa lilikuta kwamba miongoni mwa wabunge wenyewe wamo wenye uraia wa nje. Wakapewa muda wa kujirekebisha, na shauri likafifia. Lakini mtu akiwa mpinzani, kifungu cha 10 hupata meno. Agosti 2018 Moïse Katumbi alitaka kutua Lubumbashi ili apeleke fomu zake za kugombea urais. Ndege yake haikuruhusiwa kutua, na alipojaribu njia ya barabara alizuiwa Kasumbalesa. Uraia wa Italia aliowahi kuwa nao ukawa hoja ya kumkataa. Mei 2019, mkuu wa nchi akiwa mwingine, alitua Lubumbashi na umati ukampokea. Kifungu kilikuwa kilekile mwaka 2018 na mwaka 2019. Wala hatusemi nani alistahili kura zenu. Tunasema kwamba haki ya kushuka katika ndege nyumbani kwako haipaswi kufuata upepo wa ikulu.

Tungekuwa wanafiki kama tungelia juu ya Brussels na Kinshasa, tukanyamazia yale tunayowafanyia wengine. Kwetu uraia wa kuomba hutolewa kwa nadra, kwa dekreti iliyojadiliwa na Baraza la Mawaziri baada ya kibali cha Bunge. Na ulipowahi kutolewa kwa wingi, ulinyang'anywa. Sheria ya tarehe 5 Januari 1972 iliwatambua kuwa raia watu wenye asili ya Ruanda-Urundi waliokuwa wamekaa Kivu tangu kabla ya 1950. Sheria ya tarehe 29 Juni 1981 ikaufuta uraia huo, kana kwamba haukuwahi kuwapo. Matunda ya mwandiko huo tunayala mpaka leo, na kuna miaka ambapo watu waliwindwa kwa pua na urefu wao katika miji yetu. Kwa hiyo tunawauliza ninyi, si maafisa: kijana wa Minembwe mwenye pasipoti ya Kongo anaposimama mbele yenu katika mstari wa uwanja wa ndege, akaulizwa maswali ambayo Mlokele au Mtopoke haulizwi, huwa mnasema nini? Tumesikia vicheko. Tumesikia mtu akisema kwamba herufi zile tatu, COD, mwenzake amezinunua.

Kununua uraia si jambo geni. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 22, jemadari aliyetaka Paulo apigwe mijeledi anakiri kwamba uraia wake wa Kirumi aliupata kwa fedha nyingi. Paulo anajibu kwamba yeye aliuzaliwa. Mara nyingi tumelihubiri jibu la Paulo na kumpita jemadari. Lakini mtazameni: yule aliyenunua ndiye anayeongoza ngome nzima ya Yerusalemu, na hakuna askari wake anayemwambia kwamba uraia wake ni nusu. Wote wawili, wa kuzaliwa na wa kununua, wanalindwa na sheria ileile, na neno la Paulo peke yake linatosha kuusimamisha mjeledi. Roma ilikuwa dola ya kikatili, nasi hatuitamani. Katika hilo moja, hata hivyo, ilikuwa na adabu kuliko viwanja vyetu vingi vya ndege.

Wapo watakaotujibu kwamba nchi iliyo vitani haiwezi kuacha milango wazi, na kwamba mtu hawezi kutumikia mabwana wawili. Jibu la kwanza lina uzito. Tunaishi Tshopo, tunajua vita ni nini. Serikali ina haki ya kumchunguza kila anayeingia. Lakini na imchunguze kwa alilotenda na kwa anachobeba, na ukaguzi uwe uleule kwa wote wenye kitabu kilekile. Mahali pa kuzaliwa hapasemi lolote juu ya nia ya mtu. Jibu la pili ni dhaifu. Anayetuma kila mwezi pesa za dawa za baba yake Kabondo hajaliacha taifa lake, na wapo wenye pasipoti moja tu, ya Kongo, ambao wamelifilisi.

Sheria ya mataifa inaelekea upande huo. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na za Kisiasa, ambao nchi yetu iliuridhia mwaka 1976, unakataza mtu kunyimwa kiholela haki ya kuingia katika nchi yake. Mwaka 1999 Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilieleza kwamba "nchi yake" ni neno pana kuliko uraia wa karatasi: linaweza kumgusa pia mtu ambaye, kwa mafungamano yake ya pekee na nchi hiyo, hawezi kuhesabiwa kuwa mgeni tu. Binti yule wa Mangobo, kwa maoni yetu, ameelezwa humo waziwazi.

Katika Kinshasa mjadala wa kuufanya uraia wa asili usipotee huwaka na kuzimika, na kila ukiwaka hukwama penye kifungu cha 10, kwa kuwa kuigusa Katiba huamsha hofu nyingine nzito, na hofu hizo tunazielewa. Ipo njia fupi zaidi. Ethiopia, ambako wengi wa wasafiri wetu hubadilishia ndege, haikubali uraia wa nchi mbili kama sisi. Lakini tangu mwaka 2002 ina sheria inayompa mtu mwenye asili ya Ethiopia, aliyechukua uraia wa nje, kitambulisho maalumu. Akiwa nacho huingia bila viza, hukaa na kufanya kazi bila kibali cha mgeni. Hapigi kura wala hagombei cheo. Tanzania nayo imechagua njia ya kuwapa watu wake wa nje hadhi maalumu badala ya uraia wa pili. Kitambulisho cha namna hiyo kwetu hakihitaji kura ya maoni wala kubadilisha Katiba. Kinahitaji sheria ya kawaida, ambayo mbunge yeyote wa Tshopo anaweza kuipendekeza. Wabunge hao huja katika mikutano yenu ya vijana kila uchaguzi unapokaribia, wakiwa na fulana na mipira. Waulizeni juu ya sheria hiyo kabla hawajagawa mipira.